Kipima Mwanga

Machimboni, Tarime
12 Februari 2023

Mdogo wangu Wegesa,

Marahaba, naitikia kabisa kabla hujaniamkia. Huku kwetu wazima. Bibi Gati anakusalimu na anauliza kama hiyo shule ya Mugumu inawapa chakula au inawapa masomo matupu.

Habari kubwa ni kwamba kile kifaa chako ulichotengeneza likizo nimekifunga kwenye duara letu, hapa kwenye shimo la dhahabu, na kinafanya kazi. Jua likizama, taa za mdomo wa shimo zinawaka zenyewe. Asubuhi zinazima zenyewe. Betri ya sola sasa inafika asubuhi ikiwa na nguvu, wakati zamani Heche mlinzi alikuwa anasahau kuzima taa mpaka saa nne, kisha usiku tunashuka shimoni kwa tochi za kichwani. Mzee Waitara, mwenyekiti wa duara, amesema nikuandikie asante.  Heche amenuna, maana kuwasha taa ndiyo ilikuwa kazi yake ya heshima.

Ulisema kifaa kikae juu ya paa kiangalie mbinguni. Hapana. Kikikaa juu kitaibwa siku hiyohiyo, hawa watu unawajua. Nimekifunga kwenye nguzo ya geti, chini ya bati, kinaangalia njia. Ni pale pale kivulini ambapo Bibi anashusha ndoo yake ya uji kabla ya kuingia kuwauzia vijana. Nimeandika na jina la kifaa kwa rangi nyekundu, kama ulivyokiita wewe: KIPIMA MWANGA, HAKUNA KUGUSA.

Soma sana. Kaka yako,
Nashoni

*

Mugumu
20 Februari 2023

Kaka Nashoni, shikamoo (hata kama umeshaitikia),

Nimefurahi mpaka wenzangu bwenini wameniuliza kama nimeposwa. Mwambie Mzee Waitara shikamoo na karibu.

Ila wewe ni mbishi! Kikiangalia njia hakitapima mbingu, kitapima kilicho mbele yake. Basi nikueleze kinavyofanya kazi, ili kikileta shida usianze kukipigapiga kama redio ya baba.

Kile kidude kidogo chenye kidirisha ndicho sensa. Mwanga ukiingia kwenye kidirisha, ndani yake unatokea umeme mdogo mno, na mwanga ukiongezeka, huo umeme nao unaongezeka. Sensa inaugeuza umeme huo kuwa namba. Namba hizo tunaziita laksi. Jua la saa sita hapo machimboni ni makumi ya maelfu ya laksi, darasani kwetu ni mia tatu hivi, na mbalamwezi nzima haifiki hata laksi moja.

Waya ni nne. Mwekundu unaleta umeme, mweusi unaurudisha. Njano na kijani ni za mazungumzo kati ya sensa na bodi, ule ubongo wa kifaa. Mmoja unapitisha namba, mwingine unapiga mdundo ili wote wawili waende pamoja, kama anayepiga ngoma kwenye kwaya. Sensa ina anwani yake, bodi ikiiita kwa anwani hiyo inajibu. Usije ukaunga waya mwekundu moja kwa moja kwenye betri ya sola, utaiunguza sensa.

Namba ikishuka chini ya hamsini, bodi inawasha taa. Ikirudi juu ya hamsini, inazima. Nimeiambia pia isubiri kidogo kabla ya kuwasha, ili ndege akipita isishtuke. Na ufute kwenye kidirisha vumbi la karasha, hizo mashine zenu za kusaga mawe, tafadhali.

Mwambie Bibi tunakula. Maharage.

Wegesa

*

Machimboni
3 Machi 2023

Wegesa,

Hatujambo. Najua mko kwenye mtihani wa moku, kwa hiyo sitakuchosha.

Kuna jambo dogo. Mwamba wenye dhahabu umekata. Tumechimba wiki nzima mawe matupu, na watu wakikosa dhahabu wanatafuta maneno. Sasa kifaa chako kinawaka mchana. Si kwa kila mtu. Kuna mtu mmoja tu, akisimama pale getini, taa inawaka. Akiondoka, inazima. Vijana mia wanapita pale, hakiwaki.

Wanaduara wananiuliza. Mimi nikieleza hayo ya waya na mdundo wanacheka. Nakuomba uniandikie karatasi ya pembeni, fupi, ya kusomwa mbele ya watu. Wewe ndiye uliyekitengeneza, watakusikiliza.

Huyo mtu ni wa kawaida tu. Usihangaike.

Nashoni

*

Mugumu
9 Machi 2023

Kaka, shikamoo,

Moku imekwisha, fizikia nimeifurahia. Karatasi yako hii hapa. Nimeiandika kwa Kiswahili sanifu, usinitie aibu, isomwe vizuri. Ila mbona huniambii huyo mtu ni nani? Amevaa nini? Ni mrefu? Hayo ndiyo ninayohitaji kujua.

Wegesa

KWA WANADUARA WOTE
Shikamooni wazee wangu. Kifaa hiki kinaitwa kipima mwanga. Kazi yake ni kuutambua mwanga hata ukiwa mdogo sana. Macho yetu huzoea. Tunaweza kukaa na mwanga tusijue umeongezeka au umepungua, lakini kifaa hakizoei wala hakipendelei mtu. Kama yupo mtu ambaye akisimama mbele yake taa inawaka, kifaa hakijakosea. Mtu huyo aombwe asisimame tena hapo.
Wegesa, Kidato cha Sita

*

Machimboni
24 Machi 2023

Wegesa,

Karatasi ilifika, ikasomwa. Asante.

Bibi yuko Turwa mjini kwa shangazi, anapumzisha miguu. Amekaa sana na moshi wa uji, si vibaya akabadilisha hewa.

Nina swali. Mtu akivaa nguo nyeupe, kwa mfano gauni jeupe la kanisani, kifaa kitawaka? Na wewe unaweza kunielekeza namna ya kubadilisha ile hamsini iwe namba ndogo zaidi, kwa siku moja tu, kisha nirudishe? Nijibu haraka.

Nashoni

*

Mugumu
28 Machi 2023

Kaka,

Sikuamkii leo.

Sharon wa bwenini kwetu alikuwa nyumbani kwa ruhusa. Mjomba wake ana karasha hapo jirani na duara lenu. Amerudi jana na hata kunitazama hakuweza. Nimembana mpaka akasema. Bibi hapumzishi miguu. Bibi amefukuzwa, na aliyemfukuza, anasema Sharon, ni mimi, kwa mwandiko wangu.

Bibi aliyetulea tangu mama afariki! Wewe umekaa huko unaniandikia habari za kubadilisha hewa? Niambie kila kitu. Usiponiambia nitaomba simu ya matroni, nipige, na nitalia mbele ya ofisi nzima.

Wegesa

*

Machimboni
1 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Nilikuficha kwa sababu ya mtihani wako. Haya, soma.

Mtu mmoja aliyekuwa anawasha taa ni Bibi. Kila akishusha ndoo pale kwenye nguzo, akasimama kupumua, taa inawaka jua likiwa kali. Mwanzoni watu walicheka. Mwamba ulipokata wakaacha kucheka, wakaanza kusoma yale maneno niliyoandika kwa rangi nyekundu. Wegesa, sisi hatukufikiria. Huku nani anasema mwanga akamaanisha taa? Watu wanasema taa, wanasema jua. Mwanga ni yule anayewanga, anayezunguka usiku uchi kwenye nyumba za watu. Wameona kifaa cha shule kimeandikwa kipima mwanga, na kinawaka kwa bibi mmoja mjane. Basi.

Nikasema karatasi yako itawatuliza. Heche ndiye aliyemaliza kidato cha nne, akapewa asome. Wewe umeandika "kuutambua mwanga". Yeye akasoma "kumtambua mwanga". Huku Kiswahili chetu cha kuokoteza, u na m nani anazihesabu? Kisha akasoma, "Tunaweza kukaa na mwanga tusijue," akanyamaza hapo akawatazama watu. Hakumalizia mstari. Kisha akasoma kwamba kifaa hakijakosea, na mtu huyo asisimame tena hapo. Mimi nilisimama kubisha, wakasema, hata mjukuu wake mwenyewe wa kidato cha sita amesema.

Bibi alikuwepo. Alichukua ndoo yake ikiwa imejaa, akamwaga uji chini, akaondoka.  Nilimpandisha bodaboda mpaka Turwa kwa sababu kulikuwa na vijana waliokuwa wanaongea habari za kuchoma nyumba.

Mzee Waitara amekubali jambo moja: Bibi apimwe mara ya mwisho, Jumapili baada ya kanisa, mchana, watu wote waone. Kisipowaka, atarudi. Kikiwaka, asionekane tena huku. Ndiyo maana nilikuuliza habari ya gauni jeupe. Nisaidie nimpitishe tu.

Naogopa, Wegesa. Hilo nalo sikulisema.

Nashoni

*

Mugumu
4 Aprili 2023

Kaka Nashoni,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa tufanye kazi.

Nimejua kwa nini kinawaka. Umekifunga chini ya bati, kinaangalia njia, kwa hiyo namba ya mchana ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Vumbi la karasha limeziba kidirisha, ikashuka zaidi. Imebaki juu ya hamsini kidogo tu. Vijana wanapita haraka, na nguo zao zimepauka kwa vumbi. Bibi anavaa lile shuka lake jeusi, na anasimama hapohapo karibu na kidirisha mpaka kifaa kinachoka kusubiri. Ni shuka na mahali. Mtu hayumo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Gauni jeupe litafanya kazi, Bibi atapita. Ukipunguza namba, atapita pia. Lakini usifanye. Akipita kwa ujanja, kifaa kitabaki pale kikiitwa cha kupima wachawi, na kesho atasimama mama mwingine mwenye kanga nyeusi ambaye hana mjukuu wa kumwandikia barua. Mimi ndiye niliyekipa jina hilo. Siwezi.

Usifute vumbi. Usikisogeze. Kiache vilevile. Mwambie Mzee Waitara kwamba wengine nao wavae shuka la Bibi, washushe ndoo palepale, wasimame. Kitawaka kwa kila mmoja. Mbele yao wote ndipo ufute kidirisha, kisha ukipeleke juu ya paa kama nilivyokuambia mwezi wa kwanza.

Na Bibi aulizwe kwanza. Akitaka gauni jeupe, mpe. Ni maisha yake.

Wegesa

*

Machimboni
17 Aprili 2023

Wegesa mdogo wangu,

Yamekwisha jana. Kaa chini usome.

Nilimsomea Bibi barua yako Turwa. Akauliza, "Wegesa kasema nitapita nikivaa nyeupe?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema, "Leta shuka langu."

Watu walijaa kama siku ya mnada wa ng'ombe. Nikaeleza yale ya vumbi, wakanitazama tu. Nikasema nani avae shuka hili asimame hapa. Hakuna aliyesogea. Mzee Waitara mwenyewe akajifanya anakohoa. Nani avae nguo ya mtu anayesemwa? Lo! Wewe huko darasani hukuliona hilo, na mimi niliye huku sikuliona.

Nikavaa mwenyewe. Nikashusha ndoo, nikasimama. Taa ikawaka. Nikafikiri sasa wataelewa, aisee, nikasikia mtu nyuma anasema, "Si mnaona? Damu moja." Watu wakaanza kurudi nyuma. Kweli nakuambia, niliangalia njia ya kukimbilia.

Hapo Bibi akainuka kwenye kigoda. Akanivua shuka, akaenda nalo moja kwa moja mpaka kwa Heche. Akamwambia, "Mura, kijana wangu, masika iliyopita ulikuwa unakuja kwangu kila ukiingia lindo, bibi nisaidie shuka, baridi. Umelala nalo mvua yote ile. Uliponirudishia lilikuwa linanuka tumbaku, nimelifua mara mbili. Leo limekuwa na nini?"

Watu wakaguna. Kuna mmoja akacheka. Heche akatazama chini, akatazama Mzee Waitara, na Mzee akamwambia, "Vaa basi, kama ulishalala nalo." Akavaa. Akashusha ndoo. Tulisubiri, na kule kusubiri ulikokiambia kifaa kulikuwa kurefu kuliko mahubiri ya asubuhi. Taa ikawaka.

Mzee Waitara ndiye aliyeanza. "Heche! Kumbe ni wewe?" Jamani, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baada ya hapo kila mtu alitaka kuvaa shuka. Mzee mwenyewe alivaa, taa ikawaka. Aliyesema damu moja naye alivaa, ikawaka. Nikalowesha kitambaa nikafuta kidirisha, Heche akavaa tena, akasimama mpaka tukachoka. Haikuwaka. Leo asubuhi nimekifunga juu ya paa na kufuli.

Nilimwomba Bibi naye asimame mara moja, watu wamalizie shaka yao. Akakataa. Akasema, "Mimi nimeshapimwa," akakusanya shuka lake akaenda nyumbani kwake.

Mwamba bado umekata. Sasa tunasema tu umekata.

Nashoni

*

Machimboni
30 Aprili 2023

Wegesa mjukuu wangu,

Ni mimi Bibi yako Gati. Nashoni anaandika, nimemkalisha hapa na nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. (Sipambi. N.)

Nimesikia mtihani wenu ni wiki hii. Ule ushibe, ulale. Usikae unafikiria mambo ya huku. Nashoni aliniambia unajilaumu. Mimi sikukulaumu. Karatasi yako ilipokuwa inasomwa nilijua hayo si maneno ya Wegesa wangu, kwa sababu Wegesa hawezi kuniambia nisisimame mahali. Yeye ndiye huwa ananiambia bibi simama, pumzika.

Ila iliniuma. Kule Turwa watoto wa jirani waliitwa ndani nilipopita. Sijui nani aliwafikishia habari. Shangazi yako alinipenda sana, lakini usiku alifunga mlango wa chumba cha watoto, na zamani hakuwa anafunga. Nilisikia kitasa. Sikumwambia.

Heche alikuja kuomba radhi. Alileta tumbaku. Nikamwambia mimi sivuti, akasema anajua, hakuwa na kingine. Nikampa uji.

Nashoni amefuta yale maandishi mekundu. Anataka kuandika kipima nuru, anasema ndivyo ulivyoagiza kwenye barua ya juzi. Sawa, nuru ni neno zuri, la kanisani. Lakini siku nyingine ukitengeneza kitu, kabla hujakipa jina, niulize mimi. Sikusoma, lakini najua watu wa huku wakisikia neno wanasikia nini.

Jambo moja sijamwambia mtu, na Nashoni analisikia sasa hivi. Jumatatu nilirudi na ndoo yangu. Vijana walikuwa wameshashuka shimoni, getini hapakuwa na mtu. Nikashusha ndoo palepale kwenye nguzo. Najua kifaa kiko juu ya paa siku hizi. Najua ilikuwa vumbi na shuka, mmenieleza, nimeelewa, nimemwona Heche kwa macho yangu. Hata hivyo nilisimama nikaiangalia ile taa. Nikakaa kidogo tena. Haikuwaka. Na moyo wangu, mjukuu wangu, ulikuwa unadunda kama wa mwizi, kwa sababu walipokwisha kunisema wote na mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza.

Nikabeba ndoo, nikaingia kuuza uji.

Fanya mtihani vizuri.

Bibi yako,
Gati